Ni Mimi Niliyefunga Maji

Baba,

Pasta alishatufundisha kwamba wafu hawasomi barua, na mimi namwamini. Lakini nimeketi hapa jikoni, mkono wa kushoto umefungwa bendeji kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni, wa kulia ni mzima, na kuna neno nimekaa nalo tangu tulipokuzika. Mungu nimeshamwambia. Nimemwambia mara nyingi mpaka naona aibu kurudia. Wewe sijakuambia. Jumamosi nitalisema mbele ya watu, na si vizuri baba mtu alisikie wa mwisho.

Kwanza habari za nyumbani. Ile ng'ombe yako ya madoa imezaa mara mbili, na bado inanipiga teke. Hakuna mtu imekubali baada yako. Mfereji uliochimba kutoka kijitoni bado unapitisha maji, napanda sukuma wiki na vitunguu pale pale. Kila nikisimama na jembe nasikia sauti yako. "Mama, fungua maji." Nilikuwa na miaka saba, na kwa sababu nilipewa jina la mama yako hukuwahi kuniita Nasimiyu hata siku moja. Nilikuwa navuta udongo na jembe, maji yanaingia kwenye tuta, halafu unaniambia, "Mama, funga maji." Ndugu yangu Wafula ulimnyima hiyo kazi. Ulisema yeye anaota ndoto mchana mpaka maji yanabeba miche. Ukawaambia wageni, "Huyu msichana wangu anajua maji." Nami nikakua nikiamini hivyo. Niliamini mpaka hospitali ya Kitale.

Baba, Kitale unaikumbuka ukiwa kitandani. Wacha nikueleze nilivyoiona nikiwa kwenye kiti.

Walikuwa wamekukata ile tezi dume iliyokuzuia mkojo. Mahali pale palipokatwa palikuwa bado panatoa damu ndani ya kibofu, na damu ikikaa inaganda, ikiganda inaziba. Ndiyo maana wakakuwekea ule mpira wa mkojo. Juu kwenye stendi walitundika mfuko mkubwa wa maji ya chumvi, maji yakashuka na mrija, yakaingia kibofuni, yakaosha, yakatoka na damu mpaka mfuko wa chini. Hayakutakiwa kukauka hata kidogo. Aliyenieleza ni Sista Chebet, yule mwembamba wa kutoka upande wa Cheptais, ambaye ulimtania ati anakimbia kama swara. Alinionyesha kile kigurudumu cha plastiki kwenye mrija wa juu. "Mama, hiki ndicho kinaongeza maji na kupunguza. Usikiguze. Kazi yako ni macho tu. Mfuko ukibaki maji ya vidole viwili, niite. Chini ikiwa nyekundu kama umechinja kuku, niite. Hata kama nakula, wewe niite tu."

Alikuwa peke yake na wodi nzima. Siku mbili nilimwita, na siku mbili alikuja mbio, kandambili zake zikipiga sakafu pa-pa-pa.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, wakaja watu wa kanisa kutoka Chwele. Walijaa pikapu nzima, pasta mbele, akina mama nyuma na thamosi za chai na nduma za kuchemsha. Ulifurahi, Baba. Ulimuuliza Pasta kama amekuja kukuombea ama kukula nduma zako. Wafula alisimama upande wa miguu, mimi upande wa mkono. Pasta akasema, "Tufumbe macho." Nikatazama mfuko. Maji yalikuwa yamebaki kama vidole vitatu.

Na maombi ya Pasta unayajua. Ni wewe ulisema kabla afike Amina mtu anaweza kukamua ng'ombe wawili na kurudi. Na unajua tulivyolelewa. Hakuna anayefumbua macho kabla ya Amina, na anayekata maombi ya mgonjwa amekata uponyaji wake. Mama alinichapa kwa hilo nikiwa mdogo, unakumbuka, siku ile shangazi alipoombewa. Sasa nikafikiri, mfuko ukiisha katikati nitalazimika kupiga kelele nikimwita sista, na hii neema yote iliyotoka Chwele itakatika. Nikanyosha mkono. Nikazungusha kile kigurudumu.

Nilifunga maji, Baba. Niliacha tone, tone, kama tulivyokuwa tunaachia lile tuta la mwisho. Nilitaka yafike Amina.

Nikafumba macho, nikakushika mkono. Pasta akaanza chini chini, akapanda, akina mama wakaanza kulia. Ukaniminya. Nikasema moyoni, asante Bwana, nguvu imemshukia. Pasta akaendelea. Ukaniminya tena, safari hii pete yangu ikaingia kwenye nyama mpaka damu. Nikafurahi zaidi. Nikakuminya na mimi. Nikaitikia Amina kwa sauti.

Ulikuwa unaniita.

Amina ya Pasta hatukuifikia. Kilichomaliza maombi ni mngurumo wako. Nimeishi na ng'ombe maisha yangu yote, nimesikia fahali akihasiwa na kisu butu, na sijasikia kitu kama kile. Ulipiga teke thamosi ikapasukia ukutani, ukapiga teke la pili kisigino kikampata Pasta mdomoni, damu ikadondokea Biblia. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limesimama kama kibuyu. Niligusa, lilikuwa gumu kama jiwe. "Toeni hii! Mnaniua, toeni hii!" Kabla mtu ashike mikono yako ukakamata ule mpira kwa mikono miwili, ukavuta. Ndani kuna puto walilolijaza maji ili lisitoke. Lilitoka. Lilitoka likiwa limejaa, na damu ikaruka kwenye shuka, kwenye gauni langu, kwenye ukuta ulioandikwa namba ya kitanda.

Sista Chebet alikuja akapanda kitandani kwa magoti. "Mshikeni miguu! Mabega! Mshikeni huyu mzee!" Wafula akakulalia kifuani, nawe ukamuuma mkono mpaka meno yakakutana. Akina mama wawili walikalia miguu yako. Sista akaingiza mpira mwingine, akachukua lile bomba kubwa la sindano lisilo na ncha, akawa anasukuma maji na kuvuta, anasukuma na kuvuta, na mabonge yakawa yanaangukia bakuli la chuma kama maini. Ulitutukana sisi wote kwa lugha ya nyumbani, mmoja mmoja, kwa majina. Wewe ambaye hukuwahi kutukana hata ile ng'ombe. Ulipofika kwangu ulinitukana kwa jina Nasimiyu.

Wakakukimbiza tena kwa upasuaji. Kitanda kikabaki na damu, na sisi tumekizunguka kama watu waliochinja. Sista akainua mfuko uliobaki kwenye stendi. Ulikuwa bado na maji. Akatazama kigurudumu, akatutazama. "Nani ameguza hii?"

Wafula akanigeukia, mkono wake unavuja mahali ulipomuuma. Mimi nilikuwa na damu yako mpaka kwenye viwiko. Na mdomo huu unaoimba kwaya ukasema, "Si mimi. Ni yeye sista mwenyewe aliifunga asubuhi, ati maji yanaisha upesi."

Wafula hakuuliza swali la pili. Aling'oa ile stendi ya chuma. Pigo la kwanza lilimpasua sista juu ya jicho. La pili alikinga na mkono, nikasikia vidole vikivunjika, sauti kama kuni kavu. Alianguka kati ya vitanda, na Wafula akaendelea kumpiga mgongoni kama mtu anayepura maharagwe. Wagonjwa walipiga kelele. Watu wetu wa kanisa, Baba, walewale waliotoka kuomba, wakawa wanasema, "Piga! Hao ndio wanatumalizia wazee!" Mimi nilisimama tu. Nilikuwa na neno moja la kusema, neno la kumwokoa, na nililimeza mpaka askari walipomburuta Wafula nje.

Uliaga kesho yake asubuhi, saa ya kukamua. Nilikuwa kando yako lakini hukunitazama. Wafula hakuwa hapo kwa sababu alikuwa seli. Hata hicho nilimnyang'anya, kukushika wakati unaondoka. Walimwachilia siku moja kabla ya mazishi, na vijana wa kwetu walimpokea na nyimbo kama mtu aliyetoka vitani.

Siku ya tatu baada ya kukuzika tulinyolewa nywele. Unajua siku hiyo ilivyo, wewe mwenyewe uliiongoza mara ngapi. Wazee wanaketi, watu wanaketi, na inaulizwa wazi: mtu wetu alikufa na nini? Nilisimama na kichwa kipara kinachowaka jua, nikasema sista alifunga maji. Wakauliza jina. Nikalitaja. Chebet. Wengine wakatema mate chini. Vijana waliinuka na panga, wakataka pikapu iwashwe waende Kitale, na kama si mzee wa ukoo kusimama langoni na fimbo yake wangeenda. Mimi nikaketi. Akina mama wakanipa maji ya kunywa, wakanifuta jasho.

Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu siku hiyo. Naimba, nafundisha watoto kanisani, natoa ushuhuda. Usinielewe vibaya, Baba, sikuwa naigiza. Nilikuwa naamini kila neno, isipokuwa niliacha hilo moja nje kama mtu anayeacha viatu mlangoni.

Sasa yaliyotokea juzi juzi.

Wafula amepata ugonjwa wako. Alificha, unamjua kiburi chake, mpaka siku mkojo ulipokataa kabisa. Tulimbeba na bodaboda kutoka Chwele mpaka Bungoma, mimi nyuma yake nimemkumbatia, kila shimo anapiga mayowe na kumtusi mwenye pikipiki. Wakamkata kama wewe. Na alipoulizwa nani atakaa naye wodini akasema, "Nasimiyu. Yeye anajua haya mambo ya maji." Nilienda nje nikanawa uso bombani.

Niliporudi, kando ya kitanda chake nikaona stendi ile ile, mpira ule ule, lakini kuna mashine imefungwa katikati, ndogo kama redio. Mfuko wa juu umening'inia kwenye mizani. Wa chini pia uko kwenye mizani. Kuna kijicho cha taa kimebana ule mrija wa kutoa, kinatazama wekundu. Na kigurudumu, Baba, hakuna mtu anayekiguza. Mashine yenyewe inabana na kuachia mrija. Damu ikizidi inaongeza maji. Ikisafika inapunguza. Na ikipima ikaona yanayoingia hayatoki, inafunga maji kabisa na kulia mpaka mtu aje. Ati bado wanaijaribu, ziko mbili tu. Niliitazama nikakunja ngumi. Nilitaka kuipasua. Nilitaka kuiuliza, ulikuwa wapi?

Na aliyeingia kuikagua alikuwa Sista Chebet. Kumbe baada ya kupona yale mapigo alihama Kitale, akaja Bungoma. Ana kovu linalokata nyusi, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Alitusoma sote wawili, nikaona ametujua.

Wafula naye alimjua. Jasho lilimtoka. "Nasimiyu, huyu ataniua. Ataniua kama baba. Mtoe hapa!" Akanyosha mkono aivute mashine. Sista hakurudi nyuma. "Mzee Wafula, sikuombi unipende. Nakuomba tu usiguze hii mpira." Wafula akamwambia, "Na hii dudu yako ikifunga maji?" Akamjibu, "Hii ikifunga inapiga kelele. Haina mtu wa kuogopa." Alisema akiwa anatazama namba kwenye mashine, lakini maneno yalinipata mimi.

Siku ya pili wakaja watu wa kanisa. Pasta ni yule yule, mdomo wake bado una alama ya kisigino chako. "Tufumbe macho." Nikafumba, Baba. Mazoea. Pasta akaanza chini chini, akapanda. Na alipofika pale anapopenda kutaja majina ya mababu wa imani, mashine ikalia. Ti-ti-ti-ti, bila kupumua. Hakuna aliyefumbua macho. Pasta akapandisha sauti ashindane nayo. Mashine ikaendelea. Pasta akainyoshea kidole akiwa amefumba vile vile, akanguruma, "Shindwa! Nyamaza!" na akina mama wakaitikia, "Shindwa!"

Mkono wa Wafula ukaniminya.

Nilifumbua macho. Mrija wa chini ulikuwa mwekundu, umesimama, hautembei. "Pasta, nyamaza wewe!" Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. "Sista! Sista Chebet! Imeziba!" Mama mmoja akanishika gauni, ati nimekata maombi. Nilimsukuma akaangukia ndoo.

Sista alikuja na bomba lake. Nilikalia miguu ya Wafula mimi mwenyewe, na alinipiga magoti ya mbavu, akapiga mayowe, akamtusi sista na mama yake na milima yote ya kwao, naye sista anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta, kwa vile vidole viwili vilivyokauka. Bonge likatoka, moja, kubwa kama kidole gumba. Maji yakatembea. Yalitoka mekundu, yakawa kama maji ya kuosha nyama, yakaanza kusafika. Mashine ilikuwa imeshafunga maji kabla ya kulia, tumbo halikuwa limefura.

Wafula alilala akihema, machozi yanaingia masikioni. Kisha akamwambia sista, na hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaka kujua tu, "Kumbe kazi unaijua. Sasa mbona ulimfungia baba yetu maji?"

Sista akaendelea kukunja mrija wake.

Nikasema, "Si yeye. Ni mimi. Nilifunga ili maombi yasikatike."

Wafula aliniangalia, nikaona hesabu zote zikipita usoni mwake: stendi, seli, asubuhi ile ambayo hakuwepo. Mkono wake ukapapasa kabati ya kitandani, ukapata thamosi. Chai aliyonimwagia ilikuwa imetoka motoni. Nilikinga uso na huu mkono wa kushoto, ngozi ikatoka na bangili. Akanikamata kilemba na nywele, akanigonga kichwa kwenye chuma ya kitanda. Mara ya pili jino likatoka. Mashine ikaanza kulia tena, maana alikuwa anajipasua upya na damu ilikuwa inashuka. Sikujikinga tena, Baba. Nilifikiri, wacha amalize.

Aliyeniokoa ni Sista Chebet. Alifungua vidole vya Wafula kwenye nywele zangu, kimoja kimoja. "Mzee, ukimuua huyu na wewe unakufa. Tazama mfuko wako. Tazama!" Wafula akatazama. Akaniachia, akageukia ukuta, akalia kama mtoto aliyechapwa.

Sista ndiye alinifunga hii bendeji. Nikamwambia nimemkosea. Akasema, "Nilijua. Ule mfuko niliuinua ukiwa bado na maji." Nikamuuliza mbona hakusema. "Ningemwambia nani?" Nikapiga magoti nikamwomba msamaha, na sitakudanganya, hakuniambia amenisamehe. Alimaliza kufunga, akakata plasta na meno. Kisha akasema, "Mimi nataka jina langu tu. Mlilitaja huko kwenu. Mlirudishe huko huko."

Ndiyo maana ya Jumamosi. Tunakuwekea msalaba wa simiti kaburini, na watu walioketi siku ya kunyoa watakuwa wameketi tena. Nitasimama mahali pale nilisimama. Wafula ameruhusiwa kutoka, yuko kwake, na ametuma neno na mke wake: "Mwambie akisimama nitamzika kando ya mzee." Labda ni maneno. Labda si maneno, mkono wake nimeuonja. Vijana wa panga nao wamekuwa wanaume sasa. Nilimwambia Sista Chebet asije. Akasema atakuja, na ataketi mbele, apate kusikia vizuri.

Naogopa, Baba. Nimefunga siku mbili, na ninapoomba naona tu mkono wako ukiniminya. Siombi unijibu. Lakini ningetaka uniite mama mara moja tu kabla sijasimama, hata kama ni kwa hasira.

Lala vizuri. Maji ya vitunguu nimeyafungulia leo asubuhi na sikuondoka mpaka yakafika mwisho wa tuta. Jumamosi nitasema jina lake na jina langu, na nitamaliza, wakinipiga ama wasinipige. Pasta akiomba kabla yangu nitainamisha kichwa pamoja na wote, kwa heshima.

Macho sitafumba.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu